Jinsi ya kuifanya Chevelle ya 1968–72 itulie barabarani na ishike kona bila kukuvunja mgongo

Wakuu, huu mwongozo ni wa mtu mwenye Chevrolet Chevelle ya 1968 hadi 1972, au mmoja wa ndugu zake wa damu kutoka GM (General Motors), yaani Pontiac GTO, Oldsmobile 442 na Buick Gran Sport za miaka hiyohiyo, maana juu zinatofautiana bodi na injini ila ukiingia chini na tochi utakuta mpangilio ni uleule. Chesisi iko peke yake na bodi imefungwa juu yake, mbele kuna amu mbili (mikono ya chuma inayoshika tairi) kila upande na springi ya koili, nyuma kuna ekseli nzima inashikwa na amu nne na springi mbili za koili. Hamna kamani kama Camaro au Mustang za enzi zile. Msingi ni mzuri sana, na ndo maana inauma kuona mtu kamwaga hela halafu gari bado inaruka ruka kama imefungwa mawe.

Kitu ninachoamini kabisa ni hiki, raha na kushika barabara vinatoka sehemu moja. Tairi linafanya kazi likiwa limegusa lami, basi. Ukiweka springi ngumu kupita kiasi kwenye barabara yenye viraka kama zile za Michigan zinazopasuliwa na barafu kila mwaka, tairi linarushwa juu, na tairi lililo hewani halikati kona wala halifungi breki. Kwa hiyo ukiona gari inakupiga mgongo, ujue na kona nayo inazipoteza hapohapo.

Na tuzielewe hizi gari zilitoka wapi. Pontiac walipoweka injini ya inchi za ujazo 389 kwenye Tempest mwaka 1964 na kuiita GTO, walichukua gari ya familia wakaipa misuli. Mwaka 1970 GM wakaondoa kile kikomo chao cha inchi 400 kwa gari za saizi hii na Chevelle SS (ile ya michezo) ikapata injini ya inchi 454 iitwayo LS6 yenye nguvu za farasi 450, ila miguu ilibaki karibu ileile ya Malibu, Chevelle ya kawaida ya kupeleka watoto shule. Zilikuwa za kwenda moja kwa moja, taa hadi taa, Woodward Avenue kule Detroit. Kona hazikuwa shida ya mtu yeyote pale kiwandani, na leo zimekuwa shida yako.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa spana

Jaza tanki nusu, weka upepo sawa kwenye tairi zote, egesha pahali pa usawa. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, andika. Ukikuta upande wa dereva uko chini kuliko wa abiria, hapo springi imechoka au raba za bodi zimekufa, na utakuja kuzihitaji hizo namba baadaye.

Alafu bandika kipande cha tepu juu ya usukani, injini ikiwa inawaka, mwenzako aangalie tairi la mbele wakati unazungusha taratibu. Ukizungusha zaidi ya inchi moja kabla tairi halijaitikia, kuna uchezaji pahali. Kisha endesha barabara unayoijua, andika kwa maneno yako mwenyewe: inaelea baada ya tuta? inagonga? inavutwa upande na mifereji ya magurudumu ya malori? usukani haurudi wenyewe baada ya kona? Kila dalili ina mlango wake, na ukiandika mapema hutanunua vitu kwa kubahatisha.

Hatua ya 2: Tairi

Angalia ile namba ya DOT pembeni ya tairi, tarakimu nne za mwisho ndo wiki na mwaka, mfano 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Gari hizi zinatembea kidogo kwa hiyo utakuta tairi ina kashata safi kabisa lakini ina umri wa miaka kumi na kitu, raba imekuwa ngumu, hiyo toa, hata iwe inang'aa.

SS nyingi zilitoka na F70-14, tairi za nyuzi za mshazari, na kama bado unazo kwa ajili ya maonyesho ziache kwenye maonyesho. Kwa kuendesha weka redio za kisasa. (Redio hapa ni radial jamani, msije mkaenda duka la muziki.) Rimu ya inchi 15 yenye upana wa inchi 7 na 225/70R15 mbele na 255/60R15 nyuma inakupa ukuta wa tairi wa kama milimita 150 na kitu, na huo ukuta ni springi yako ya kwanza kabla hata ya springi yenyewe. Ukitaka breki kubwa na tairi za kisasa zaidi nenda inchi 17, 235/55R17 bado ina ukuta wa kama milimita 129. Ukifika 245/40R18 umebaki na milimita 98, na hapo kila shimo utalijua jina. Mimi naishia 17 kwa gari ya barabarani.

Upepo anza na 32 psi. Kile kibandiko cha zamani kinataja namba za chini za tairi za wakati ule, usikifuate kwa redio. Panda au shuka psi mbili mbili usikilize.

Hatua ya 3: Raba zote zilizokufa

Hapa ndo pesa yako inafanya kazi kubwa kuliko pahali pengine popote na hapa ndo watu wanaruka. Raba ya miaka hamsini imepasuka, imekauka, imehama. Bushi za amu za mbele, bushi za amu nne za nyuma zikiwemo zile mbili zilizopigwa ndani ya masikio ya difu (hizi zinasahaulika sana), bushi za stabilaiza (fimbo inayozuia gari isilale kwenye kona), na raba za kati ya bodi na chesisi. Hizo za bodi zikiisha gari inatetemeka, milango inalia, na wewe unaenda kununua shokapu wakati shokapu haina kosa. Zibadilishe upande mmoja kwa wakati mmoja, legeza bolti za upande ule mwingine kidogo bila kuzitoa, inua bodi taratibu na ubao juu ya jeki, angalia mipira ya breki, waya na shafti ya usukani visivutwe.

Bushi za poli (plastiki ngumu ya polyurethane) au za raba? Mbele, amu inazunguka kwenye mhimili mmoja tu, kwa hiyo bushi ngumu zinakubalika, mradi uzipake girisi yake, la sivyo zitalia kama kitanda kibovu. Nyuma ni habari nyingine kabisa. Zile amu nne zimepangwa mbili zinaenda sambamba na mbili za juu zimekaa mshazari, na gari ikilala upande mmoja kila bushi lazima ijipinde, sio kuzunguka tu. Ukijaza poli ngumu kote nyuma, ekseli inakwama, inakuwa kama stabilaiza kubwa usiyoiomba, na siku ya mvua mkia unakutoka ghafla bila taarifa. Weka raba nzuri kwenye amu za juu, au kama bajeti ipo nunua amu zenye jointi za duara zinazojipinda.

Na hili naomba lisikupite: bushi za raba zinakazwa gari ikiwa imesimama kwa uzito wake, kwenye kimo chake cha kawaida. Ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, raba inashikwa ikiwa katika mkao ule wa kuning'inia, ukishusha gari tayari imejinyonga, inakupa ugumu wa bure na inakatika mapema. Fungia bolti kwa mkono, shusha gari, kisha kaza kwa toki renchi kwa namba za kitabu cha gereji cha gari yako.

Ukiwa hukohuko kagua boljointi (jointi ya duara inayounga amu na chuma kinachobeba tairi). Kwenye hizi gari springi inakaa juu ya amu ya chini, kwa hiyo jeki iweke chini ya amu ya chini ndo utausikia uchezaji, ukiinua kwenye chesisi springi inaibana boljointi na utaambiwa ni nzima wakati imekufa.

Hatua ya 4: Usukani

Kagua tairodi endi nne, fimbo ya kati, aidla amu, na ile raba ya duara inayounga shafti ya usukani na boksi. Badilisha kilichocheza. Boksi yenyewe ina skrubu ya kupunguza uchezaji juu yake, igeuze kidogo sana tairi zikiwa zimenyooka, na ukiona usukani unakuwa mzito ukipita katikati umezidisha, rudisha. Ikiwa boksi ya zamani ni ya mizunguko mingi mpaka unachoka, kuna boksi za pawa za uwiano wa 12.7 kwa 1 zinazoingia palepale, na gari inabadilika tabia kabisa. Ila boksi ya haraka kwenye gari yenye jointi mbovu inaongeza woga tu, kwa hiyo fuata mpangilio.

Hatua ya 5: Springi na shokapu

Springi inabeba, shokapu inatuliza. Springi chagua kwa uzito halisi wa gari yako, sio kwa picha. Gari ya injini ya 350 iliyowekewa springi za mbele za gari ya 454 inanyanyua pua na inagonga kama mkokoteni, na hii inatokea sana kwa sababu duka linaandika Chevelle 1968–72 tu na mtu anachukua. Mweleze muuzaji una injini gani, vichwa vya chuma au vya alumini, una AC au huna, betri iko wapi. Springi ngumu kidogo kuliko za kiwandani inatosha sana kwa barabara.

Kushusha, inchi moja mbele ni nzuri na inapendeza. Ukishusha mbili au tatu kwa springi tu unakula safari ya amu, na gari inaanza kugonga zile raba za kugongea kwenye kila kituta, halafu mwenye gari anasema springi ni ngumu wakati springi haijapata hata nafasi ya kufanya kazi. Kama raba za kugongea ni za zamani weka za povu za kisasa ambazo zinabana taratibu. Usipashe springi moto na gesi ili ikae chini. Chuma kikishapata moto ule kimepoteza ugumu wake na huwezi kukirudisha.

TAHADHARI, na hapa nipo siriasi kabisa. Springi ya mbele ya hizi gari imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Gari ikae juu ya stendi imara kwenye chesisi, jeki ya magurudumu chini ya amu ya chini, springi imefungwa na mnyororo kwenye chesisi au imebanwa na kibanio cha ndani cha springi, nati ya boljointi ilegezwe lakini ibaki imeshika nyuzi kadhaa mpaka taper (kile kishina chembamba cha boljointi kilichobana kwenye tundu lake) iachie, ndo ushushe jeki pole pole. Usikae mbele yake. Kama huna vifaa, kazi hii mpe fundi mwenye navyo, sio aibu.

Shokapu ni rahisi, ya mbele inapita katikati ya springi, nati moja juu na bolti mbili chini, unaitoa bila kugusa springi. Ya nyuma bolti zake ndogo za juu zinapenda kukatika kwa kutu, zilowanishe mafuta ya kulainisha kutu usiku mzima. Na ushikilie ekseli na jeki, kwa sababu shokapu ndo inayozuia ekseli isishuke sana, ukiifungua ekseli ikiwa hewani inashuka na kuvuta mpira wa breki, na springi inaweza kutoka.

Sasa ipi? Shokapu za bei rahisi za gesi nyingi ni ngumu kote, kwenye mwendo mdogo na mkubwa, na hizo ndo zimewaharibia watu raha na kuwafanya wachukie gari. Unachotaka ni shokapu inayokaza bodi inapojaribu kulala au kuelea, ambayo ni mwendo wa polepole, lakini inaachia tairi linapopigwa na shimo, ambao ni mwendo wa haraka. Bilstein zimejengwa kwa tabia hiyo. QA1 wanazo za kurekebisha kwa kitasa. Ukichukua za kurekebisha anza laini kabisa, endesha, ongeza mibofyo michache ya upande wa kurudi mpaka gari ikipita tuta inapanda na kushuka mara moja na kutulia, hapo simama. Usiongeze kwa sababu mibofyo imebaki.

Zile shokapu za upepo za nyuma watu walizozipenda miaka ya 70 kunyanyua mkia, zitoe. Zinabebesha uzito sehemu iliyotengenezwa kutuliza tu.

Hatua ya 6: Jiometri ya mbele

Hapa ndo siri ya gari hizi ilipo. Mbele ya kiwandani ina kasoro moja kubwa, gari ikilala kwenye kona, tairi la nje badala ya kulalia ndani kwa juu linalalia nje, linasimama kwa ukingo wake, na linapoteza kushika palepale unapolihitaji. Chanzo ni amu ya juu kukaa kwa pembe isiyofaa. Dawa nafuu ni boljointi ya juu iliyo ndefu kwa nusu inchi, inanyanyua ncha ya amu na tairi linaanza kufuata mkondo sahihi. Unaweza ukakuta watu wanakushauri uchukue vile vyuma virefu vya kubeba tairi kutoka Caprice au Impala, ilikuwa desturi sana wakati fulani, lakini vinaleta ugonjwa wa usukani kujigeuza wenyewe tairi likipanda na kushuka, mimi sivipendekezi wakati suluhisho safi lipo.

Amu mpya za juu za bomba zina faida nyingine, nyingi zimejengwa tayari na kasta ya kutosha (mhimili wa usukani kulalia nyuma kwa juu, ukiitazama gari ubavuni). Na hapo tunafika kwenye alaimenti.

Vipimo vya kitabu cha 1970 ni vya tairi za mshazari na usukani usio na pawa, kasta karibu na sifuri au hata hasi, kemba chanya kidogo (tairi kulalia nje kwa juu). Fundi akikuwekea hivyo kwa tairi za kisasa gari itatangatanga barabarani hata kila kitu kikiwa kipya. Mpelekee karatasi yako:

Kasta chanya digrii 3 mpaka 5, pande zote mbili karibu sawa, hii ndo inayorudisha usukani na kutuliza gari kwenye hawei.
Kemba hasi nusu digrii, inaweza kuwa robo kama unaendesha mjini tu.
Tou (mbele za tairi kuelekeana) ya kuingia ndani jumla moja ya kumi na sita hadi moja ya nane ya inchi.

Inarekebishwa kwa vile vibati vyembamba, shimu, kati ya shafti ya amu ya juu na chesisi. Ukiongeza bolti ya mbele na ya nyuma sawasawa kemba inaenda hasi, ukihamisha kutoka bolti ya mbele kwenda ya nyuma kasta inaongezeka. Amu za kiwandani huwa hazifiki digrii 5, shimu zinajaa mpaka bolti inaishiwa nyuzi, na ndo sababu ya zile amu za bomba. Nyuzi zikibaki chache usilazimishe. Na tafuta gereji yenye mzee anayejua shimu, maana vijana wengi wamezoea gari ambazo zinarekebishwa tou tu.

Hatua ya 7: Stabilaiza

Sasa ndo uweke stabilaiza, baada ya yote hayo, kwa sababu inakuruhusu ubaki na springi laini huku gari hailali. Mbele ya inchi moja na robo, ya bomba ukiipata maana ni nyepesi. Nyuma anza na ndogo. Kwenye hizi gari stabilaiza ya nyuma inafungwa kati ya amu mbili za chini, na amu za kawaida za bati lililo wazi upande mmoja zinajinyonga, kwa hiyo weka amu zilizozibwa, kama zile zilizokuja na gari zenye suspensheni ya F41, ile ya kiwandani iliyokazwa zaidi. Ukiweka kubwa nyuma na ndogo mbele utaipenda wiki ya kwanza, halafu mvua inyeshe.

Hatua ya 8: Pembe ya propela

Ukishashusha gari, pua ya difu imehama. Ukisikia mtetemo unaopanda na mwendo hata tairi zikiwa zimebalansiwa, pima pembe kwa kipimo cha digrii: ya mkia wa giaboksi na ya difu ziwe sambamba, na kila kroosi (jointi ya propela) ifanye kazi kwa kama digrii 1 hadi 3. Amu za juu za nyuma zinazorefuka na kufupika zinatibu.

Hatua ya 9: Kiti

Kwa ufupi, povu la kiti lina umri wa gari. Badilisha povu na zile springi zilizokatika chini yake, badilisha raba za milango, weka matabaka ya kuzuia kelele sakafuni. Ni kazi ya wikiendi na mgongo utashukuru kuliko unavyodhani.

Hatua ya 10: Jaribio

Rudi barabara ileile ya mwanzo na karatasi yako. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, upepo au mbofyo wa shokapu, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Ukitaka mtihani wa kweli iko US 129 kwenye mpaka wa Tennessee na North Carolina, ile wanayoiita Tail of the Dragon, kona 318 ndani ya maili 11, lakini kabla ya hapo hakikisha mbele kuna breki za disiki, maana nyingi zilitoka na drami kote na drami zikipata moto huko utasali.

Baada ya maili kama 500 springi mpya zinakuwa zimekaa. Pima tena kimo kwenye kona zote nne, linganisha na namba za hatua ya 1, kaza tena bolti zote za amu gari ikiwa chini, na urudi alaimenti mara ya pili, kwa sababu kimo kikibadilika kemba na tou navyo vinabadilika.